Baki kwenye grupu, punguza video: jibu kwa msomaji wa Arusha

Swali: "Shikamoo dokta. Nina miaka 29, ni mhasibu hapa Arusha, nimeolewa na nina mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne. Tangu mwaka jana TikTok inaniletea video za watu wenye ADHD, ile hali ya ubongo ya kushindwa kutulia na kukaza mawazo, na kila video naona kama wananisema mimi. Nikaingia Reddit, kisha kwenye grupu moja la WhatsApp la vijana wa Kenya. Usiku mmoja dada mmoja aliandika jinsi alivyounguza maharage mara tatu ndani ya wiki moja, kwa sababu akishatoka jikoni anasahau kabisa kuwa kuna sufuria amebandika. Nililia. Mume wangu anasema nimejipachika ugonjwa wa Wazungu kwa bando langu mwenyewe. Je, niendelee kukaa humo? Na nikianzisha grupu la Kiswahili la watu wa aina yetu, nitakuwa nawasaidia au nawapoteza?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na maharage, maana hapo ndipo machozi yalipotoka.

Mimi ni mwanasaikolojia tiba, na watu wazima wengi wanaonijia kuuliza kuhusu ADHD huja na kisa cha namna hiyo. Maharage yameungua. Kodi ya nyumba imechelewa na pesa ilikuwepo kwenye simu. Funguo zimeonekana ndani ya friji. Karibu wote husimulia wakiwa wameinamisha kichwa kama mtu anayeungama dhambi, kwa sababu tangu darasa la pili wameitwa wazembe, hawajatulia, kichwa maji. Halafu usiku mmoja mtu huyo anakutana na mgeni ambaye hata sura yake hajawahi kuiona, amekiandika kisa kile kile bila aibu, na chini yake watu wamepanga foleni wanajibu "hata mimi". Nadhani ulilia kwa sababu lawama uliyoibeba tangu utotoni ilipata mahali pa kutua. Usiyaonee haya machozi hayo.

Sasa jibu lenyewe. Kaa kwenye grupu. Video zipunguze kadiri unavyoweza. Na grupu la Kiswahili lianzishe, ila kwa utaratibu nitakaokueleza huko mbele. Watu wengi huchanganya grupu na video kwa kuwa vyote viko ndani ya simu moja. Kwangu mimi, grupu ni baraza: unasema, unajibiwa, unabishiwa, kesho wanakuuliza uliishia wapi. Video ni gari la matangazo linalopita mtaani na spika juu. Linakusemesha, lakini wewe huwezi kulisemesha.

Mumeo amegusia Wazungu, basi tuanzie huko, kwa sababu historia ya mabaraza haya ni nzuri na wengi hawaijui. Waliotangulia ni watu wenye usonji, yaani autism, hali ya ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na anavyohisi mazingira. Mwaka 1992 Jim Sinclair na wenzake nchini Marekani waliunda Autism Network International, mtandao ulioendeshwa na watu wenye usonji wenyewe, si wazazi wala madaktari. Walianza na jarida na barua za posta, na mwaka 1994 wakafungua orodha ya barua pepe, ambapo ujumbe wa mmoja huwafikia wanachama wote. Mwaka 1996 Martijn Dekker, Mholanzi mwenye usonji, akaanzisha orodha nyingine iliyoitwa InLv, ambayo iliwakaribisha pia wenye ADHD, disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika) na hali nyingine za jirani.

Hebu fikiria kilichowavuta. Kwenye barua pepe hakuna anayekudai umtazame machoni. Hakuna taa inayokuumiza, hakuna watu watatu wanaoongea kwa mpigo. Unasoma, unaondoka, unafikiri siku mbili, unarudi na jibu lako, na hakuna aliyekukodolea macho wakati unalitafuta. Mtu ambaye kwenye harusi hujificha uani na wapishi, humo alikuwa msemaji.

Na humo ndimo yalimozaliwa maneno unayoyasikia leo. Wazo kwamba bongo za binadamu ni za namna nyingi, na kwamba utofauti huo ni sehemu ya maumbile yetu, lilipata jina la neurodiversity kwenye maandishi mwaka 1998, katika tasnifu ya Judy Singer wa Australia na katika makala ya Harvey Blume kwenye jarida la The Atlantic la Marekani. Wote wawili walikuwa wakishiriki mazungumzo ya InLv, na kumbukumbu za orodha hiyo zinaonyesha wanachama walikuwa wakilijadili wazo hilo tangu 1996. Karibu na mwaka 2000, Kassiane Asasumasu, mwanaharakati wa Marekani mwenye usonji, akaunda neno neurodivergent la kumtaja mtu yeyote ambaye ubongo wake haufuati mwendo wa wengi, awe na usonji, ADHD, kifafa au kingine. Maneno hayo hayakutoka hospitalini. Yalitungwa na watu kama yule dada wa maharage, wakiandikiana usiku.

Kwa hiyo jina limetoka ughaibuni, mumeo hajakosea hapo. Hali yenyewe iko kwetu siku zote. Mtafiti Victor Lotter alizunguka kwenye vituo vya watoto wenye ulemavu katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, akachapisha mwaka 1978 kwamba watoto wenye usonji wapo. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi wa watoto 20 wa Tanzania wenye usonji. Na kwa upande wa ADHD, kila mwalimu wa shule ya msingi aliyekaa darasani miaka mitano anaweza kukutajia watoto watatu bila kusita, hata kama jina la hali hiyo hajawahi kulisikia.

Kuna utafiti mmoja ninaupenda sana, nao unaeleza kwa nini unajisikia uko nyumbani. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha matokeo ya jaribio linalofanana na ule mchezo wa watoto wa kunong'onezana hadithi kwenye mstari. Kila mstari ulikuwa na watu wanane: mitatu ya watu wenye usonji watupu, mitatu ya wasio na usonji watupu, mitatu ya mchanganyiko. Mistari ya watu wenye usonji watupu ilifikisha hadithi salama sawasawa na ile ya wasio na usonji. Hadithi ilipotea kwa haraka zaidi kwenye mistari ya mchanganyiko. Maana yake, mtu mwenye usonji si bubu wa mawasiliano. Katika jaribio hilo, tatizo lilionekana pale namna mbili za kuzungumza zilipokutana bila mkalimani. Jaribio hilo lilihusu usonji, sitalinyoosha hadi lifike kwenye ADHD yako. Lakini ulichokiona kwenye grupu la vijana wa Kenya, kwamba husemi mara mbili ndipo ueleweke, kina ndugu yake wa kisayansi.

Nikupe mfano wa karibu. Mimi ni mmoja wa waangalizi wa grupu la wazazi wa watoto wenye usonji. Jioni moja mama mmoja aliandika kwamba mwanawe wa miaka sita anapiga mayowe kwa kinyozi hadi watu wanasimama barabarani, na nywele zimeshakuwa kichaka. Mimi nilijibu kitaalamu: mzoeshe kidogo kidogo. Baba mmoja, ambaye mwenyewe ni kinyozi, akajibu vizuri kuliko mimi. Alisema amlete mtoto asubuhi kabla redio haijafunguliwa, amshikishe mashine ikiwa imezimwa, siku nyingine ikiwa imewashwa, kisha aiguse kwenye goti lake, ndipo kichwa. Halafu kijana mmoja mwenye usonji, mtu mzima tuliyemwalika atusaidie, akaandika mstari mmoja: "Mimi sauti ya mashine haikunisumbua. Vinywele vikidondoka shingoni vilikuwa kama sindano." Mama akamfunga mtoto kanga iliyoloweshwa kidogo shingoni. Baada ya wiki tatu akatuma picha ya kisogo kilichonyolewa. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumuuliza mzazi habari ya shingo. Tangu siku ile nauliza.

Hiyo ndiyo thamani ya baraza, na siitaki ikupotee.

Video ni habari nyingine. Mwaka 2022 watafiti wa Kanada walizikagua video 100 za TikTok zilizopendwa kuliko zote kuhusu ADHD: 52 zilikuwa za kupotosha, 27 zilikuwa simulizi za maisha ya mtu, 21 tu ndizo zilizokuwa na elimu ya kufaa. Mwaka uliofuata watafiti wengine wa Marekani wakachunguza video zinazotoa maelezo kuhusu usonji, wakakuta zilizo sahihi ni asilimia 27. Mwaka 2025 ukachapishwa uchunguzi mwingine wa video 100 za ADHD, na madai yaliyolingana na vigezo vya kitabibu hayakufika nusu. Watengenezaji wengi si waongo. Wanasimulia maisha yao kwa moyo mweupe. Lakini video ya sekunde arobaini inayosema "ukisahau ulichofuata chumbani, una ADHD" inamgusa kila binadamu mwenye chumba.

Na programu inayokuchagulia video haijui kama una ADHD. Inajua ulisimama sekunde ngapi. Ukisimama kwenye moja kwa mshangao, kesho inakuletea tano, keshokutwa simu yako yote ni ADHD, nawe unaanza kuamini kwamba ishara zinakuandama. Usiperuzi zaidi kutafuta hakika. Kuperuzi ndiko kunakoiondoa. Ukikutana na video hizo, bonyeza kwamba hazikuvutii. Inachukua siku kadhaa, lakini mkondo hubadilika.

Tuingie kwenye kile ambacho grupu haliwezi kukufanyia, yaani kukupima. Kwa mwongozo wa utambuzi wa Marekani unaotumika sehemu nyingi, toleo la 2013, mtu mzima anahitaji angalau dalili tano za kutotulia kwa mawazo au za pupa na kuhangaika, zilizodumu miezi sita au zaidi, zinazojitokeza sehemu mbili au zaidi za maisha, kwa mfano nyumbani na kazini, na zinazomharibia mambo kweli kweli. Juu ya hayo, baadhi ya dalili ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Kigezo hiki cha mwisho ndicho video hukisahau, na kwako ndicho muhimu kuliko vyote. Wewe una mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne. Unalala saa ngapi? Mama asiyelala anasahau maharage. Upungufu wa damu baada ya kujifungua, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, na sonona inayowapata kina mama na kujificha kwa miezi mingi, vyote huleta usahaulifu unaofanana na ADHD kama pacha. Vinapimwa na vinatibika. Itaniuma sana ukikaa miaka miwili ndani ya grupu la ADHD kumbe damu yako ilikuwa chini.

Sisemi kwamba huna. Inawezekana kabisa unayo, na wasichana wengi hupitwa na macho ya walimu kwa sababu hawavunji madirisha. Wanakaa kimya wakitazama nje ya dirisha. Wala sisemi utoke kwenye grupu hadi upate karatasi ya daktari. Shaka ya kweli inatosha kukukalisha barazani. Dawa ndizo haziruhusiwi kupitia barazani. Methylphenidate, dawa inayojulikana zaidi ya ADHD, huandikwa na daktari na kufuatiliwa mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Mtu akikufuata inboksi akisema anazo na anatuma kwa basi, mzuie na umripoti kwa admini.

Nimetaja inboksi kwa makusudi. Madhara makubwa niliyoyaona hayakutokea mbele ya wanachama wote. Kwenye grupu letu alijiunga mtu mpole, akawa anatoa pole kwa kila mzazi. Baada ya mwezi tukagundua anawafuata kina mama mmoja mmoja na kuwauzia matone "ya kusafisha usonji mwilini". Yalikuwa klorini dioksidi, yaani kemikali ya kung'arishia nguo na karatasi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikwisha kuonya dhidi ya kinywaji hicho mwaka 2010, ikarudia mwaka 2019, na mwaka huo huo wa 2019 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti kwamba kilikuwa kikigawiwa kwa watu wengi nchini Uganda kama tiba ya magonjwa mbalimbali. Mama mmoja wa kwetu alikuwa ameshampa mwanawe kwa siku nne. Mtoto alitapika na kuharisha, naye akaambiwa hiyo ni dalili kwamba sumu inatoka. Tulimpata kabla ya siku ya tano kwa sababu aliuliza kwenye grupu kama kuharisha huko ni kawaida. Baraza ndilo lililomwokoa, na mwizi naye alipitia mlango ule ule wa baraza.

La pili linaniuma hadi leo. Mama mwingine alituma video ya mwanawe akiwa amezidiwa, yuko sakafuni sokoni anajipiga kichwa, akauliza afanye nini. Nia yake ilikuwa safi. Siku tatu baadaye video ile ilikuwa kwenye simu za majirani zake. WhatsApp hufunga ujumbe usisomwe njiani, lakini haiwezi kumfunga mkono mwanachama anayeupeleka kwingine. Na pia kila aliyemo grupuni anaiona namba yako ya simu. Tangu hapo tulifuta picha na video zote za watoto wakiwa kwenye hali ngumu, na hatujaziruhusu tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, lakini mimi hata isingekuwepo ningesema hivyo hivyo: yule mtoto atakua, na ile video ni yake.

Basi ukianzisha lako, anza na watu wachache, sita au saba unaowajua, na mkubaliane kabla ya kumwalika wa nane. Muwe waangalizi watatu ili mmoja akichoka wengine washike. Na watachoka, kwa sababu ujumbe wa saa nane usiku wa mtu aliyekata tamaa hausubiri asubuhi; amueni mapema nani anapigiwa simu ujumbe wa namna hiyo ukiingia. Anayetaka kuficha namba yake apewe njia. Telegram inaruhusu hilo. Kwenye magrupu ya Facebook mtu anaweza kuposti bila jina, ila ajue admini wanaliona. Ujumbe wa sauti uruhusiwe, maana kuna watu ambao maandishi yanawatesa, wenye disleksia kwa mfano, lakini unaozidi dakika moja uambatane na mstari mmoja wa maandishi unaosema unahusu nini. Kuna wengine ambao sauti ndefu ndiyo inayowatesa.

Usichanganye wazazi na wenye hali zao katika grupu moja bila mpango. Ugomvi huu ni wa zamani kuliko simu zetu: mwaka 1993, kwenye mkutano wa Toronto, Jim Sinclair aliwaambia wazazi kwamba maombolezo yao ni ya mtoto waliyemtarajia na hakuzaliwa, wala mtoto aliye mbele yao hapaswi kuyabeba. Mzazi aliyechoka ana haki ya kusema amechoka. Lakini kijana wa miaka ishirini akisoma kila siku kwamba watu wa aina yake ni mzigo, ataondoka kimya kimya. Wapeni vyumba viwili na mlango kati yao, kama tulivyofanya na yule kijana wa shingo.

Na mzungumze Kiswahili hasa. Usonji tunalo jina lake, na wengine husema tawahudi. ADHD bado tunaiita kwa herufi zake. Kile kinachompata mtu akizidiwa na kelele na mwanga, ile hali ya kuzama kwenye kazi moja hadi anasahau kula, uchovu wa kujifanya uko kama wengine kutwa nzima: vyote vinasubiri maneno yetu, na hayatatoka kwangu. Yatatoka kwa mtu wa Tanga au Bukoba atakayeandika usiku kwamba leo nilipatwa na kitu fulani, na wengine wakaelewa alichosema.

Kuhusu mumeo, usimwonyeshe video hata moja. Muombe jambo dogo. Watu wa mabaraza haya wana desturi ya kufanya kazi wakiwa pamoja: kila mtu na yake, kimya, simu iko wazi ili kila mmoja ajue mwenzake yupo. Kwetu huwa Jumamosi asubuhi. Mmoja anafua sare za shule, mwingine anapanga risiti, kamera inaonyesha mikono tu. Mwisho wa mwezi ukileta hesabu nyumbani, mwambie akae mezani na wewe saa moja akifanya lake, asikusaidie wala asikukumbushe. Kisha muulize ameona tofauti gani. Yeye anaishi na wewe. Ushahidi wake nitauhitaji.

Kupima, anza na kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikibidi, Moshi kuna hospitali ya KCMC na Dar kuna Muhimbili. Waombe waanze na damu na tezi. Beba ripoti zako za shule ya msingi kama bado zipo kwenye lile begi la chini ya kitanda cha mama. Ile sentensi ya mwalimu wa darasa, "ana uwezo ila hatulii", ina uzito kuliko video mia. Kama ripoti zimepotea, mpigie mama yako kabla ya kwenda, umuulize ulikuwaje ulipokuwa darasa la tatu, na uyaandike majibu yake hapo hapo, kabla hujaenda jikoni.